Sanduku la Mboga: Kwanza Uliza Ubao Ulitoka Wapi



Mwezi wa Juni ukifika, mvua zimekwisha. Huku kwetu Shinyanga na Geita mboga za majani huanza kuadimika. Mchicha wa kando ya nyumba umekauka. Mbuzi wamekula kilichobaki. Mama anayetaka fungu la mboga inambidi aende gulioni na fedha mkononi. Wengine tunarudi kwenye majani ya kunde yaliyoanikwa.

Somo letu la leo ni kutengeneza sanduku dogo la kupandia mboga. Tutalitengeneza kwa mabaki ya mbao. Kazi yake si ngumu. Anayejua kusoma namba, kupima na kupiga msumari ataiweza. Lakini kabla ya kushika msumeno, kuna swali moja la kuuliza. Sisi walimu wenyewe tulilisahau. Aliyetukumbusha ni mwanakisomo.

YALIYOTOKEA DARASANI

Darasa letu lilikuwa katika kijiji kilicho karibu na machimbo madogo ya dhahabu, upande wa Geita. Tulikuwa tumewaomba wanakisomo wajaribu kupanda mboga nyumbani. Mama mmoja akatangulia wenzake. Alitengeneza sanduku lake mwenyewe, akalijaza udongo, akapanda mchicha. Siku moja tulikwenda darasa zima kulitazama. Mchicha ulikuwa umestawi, majani mapana.

"Mwangaluka, mayu! Hongera sana," tulimwambia. "Mbao nzuri kama hizi umezipata wapi?"

"Zimetoka mwaloni, mwalimu. Baba watoto alifanya kibarua pale siku mbili. Hawakuwa na fedha, wakampa mbao."

Sisi tukazidi kusifu. Tukawaambia wengine waige mfano. Kumbe nyuma yetu alisimama mzee mmoja, mwanakisomo mwenzao, ambaye zamani alikuwa mchimbaji. Akauliza polepole:

"Samahani, mayu. Mbao hizi zilikuwa zinafanya kazi gani kabla ya kuwa sanduku?"

"Za kuoshea mchanga wa dhahabu."

"Na huu mchanga uliouchanganya na samadi?"

"Ni marudio, mzee. Ni laini, hayana mawe. Yamejaa tele na hayauzwi."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mimi nimeshika zebaki kwa mikono hii miaka mingi. Ubao unakunywa maji. Na maji ya mwaloni si maji matupu."

Watu wote wakanyamaza. Mama akatugeukia. "Mwalimu, wanangu wamekula mboga hii wiki tatu. Itakuwaje?"

Hatukuwa na jibu. Mchicha haukuwa na doa. Haukuwa na harufu. Tulichoweza ni kumsindikiza kesho yake kwenye kituo cha afya, aeleze yote bila kuficha. Mganga aliwaangalia watoto, akaandika, akasema mboga ile isiliwe tena.

Ndiyo sababu somo hili la useremala tunalianza kwa somo la sumu.

ZEBAKI NI NINI?

Zebaki ni madini, lakini hutiririka kama maji. Hung'aa kama fedha. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia chembe za dhahabu ndani ya mchanga uliosagwa. Baadaye huchoma ule mchanganyiko. Dhahabu hubaki, na zebaki hupaa kama mvuke usioonekana. Ile inayomwagika hubaki katika maji, katika mchanga na katika vyombo vya kazi.

Zebaki huumiza ubongo, mishipa ya fahamu na mafigo. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, na mtoto ambaye bado yumo tumboni. Ubaya wake ni kwamba haiozi kama jani au samadi. Ikiingia kwenye udongo hukaa muda mrefu sana. Na ukichemsha mboga, hukuiondoa.

Marudio ni mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa. Yanaweza kuwa na zebaki. Yanaweza pia kuwa na risasi na aseniki, sumu zilizokuwamo ndani ya jiwe lenyewe kabla halijasagwa. Jiwe likiwa zima sumu hizo zimefungwa. Likisagwa kuwa vumbi zimefunguliwa.

Haya si mambo ya kutishana. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, iligunduliwa kwamba watu wanaugua ugonjwa wa ajabu. Walitetemeka, wengine hawakuweza kutembea wala kusema vizuri. Watoto walizaliwa na ulemavu. Chanzo kilikuwa taka zenye zebaki ambazo kiwanda kilizimwaga baharini. Samaki waliingiwa na sumu, na watu wakawala samaki. Samaki wale kwa macho walikuwa samaki wazuri tu. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wa kupunguza matumizi ya zebaki, yakaupa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

KWA NINI TUTUMIE MABAKI?

Wengine watasema: "Kama mbao za zamani zina hatari, si tukate mti?" Hapana. Wazee wa Shinyanga wanajua habari ya miti. Wakati wa ukoloni mapori mengi yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na mengine ili kupata mashamba ya pamba. Nchi ikabaki tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Wananchi wakafufua ngitili zao, na miti ikarudi. Ni hasara kukata mti wa ngitili kwa ajili ya sanduku la mchicha. Mabaki yapo. Kazi yetu ni kuyachagua.

MBAO ZA KUTUMIA

1. Mabaki kutoka kwa fundi seremala. Vipande vifupi huishia jikoni kama kuni. Mwombe akuwekee.
2. Mabanzi ya mahali wanapopasua magogo.
3. Mbao za masanduku yaliyoletea bidhaa dukani, kama umehakikisha yalibeba vitu visivyo sumu.
4. Mbao za mlango, kitanda au dawati lililovunjika, kama hazina rangi.

MBAO ZA KUACHA

1. Mbao zozote zilizofanya kazi mwaloni, karashani au kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Hata kama ni nzuri. Hata kama ni za bure.
2. Matimba yaliyotolewa ndani ya maduara ya wachimbaji.
3. Masanduku ya baruti au ya dawa za kilimo.
4. Vipande vya nguzo za umeme au za simu. Nguzo hizo hutiwa dawa kali ili zisioze.
5. Mbao zenye rangi ya zamani inayobanduka. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi.
6. Mbao zilizopakwa oili chafu ya gari. Tunajua watu huipaka ili kuzuia mchwa. Kwenye boma sawa, kwenye mboga hapana.

Kama hujui ubao ulitoka wapi, uache.

VIFAA VYA KAZI

Utahitaji msumeno, nyundo, futi ya kupimia, penseli na daftari. Misumari iwe ya aina mbili: ya inchi mbili na nusu, na ya inchi moja na nusu. Misumari ya zamani inafaa. Inyooshe juu ya jiwe kwa kuigonga polepole.

Mafundi wetu husema kwa futi na inchi. Futi moja ni karibu sentimeta 30. Inchi moja ni karibu sentimeta mbili na nusu. Hapa tutatumia sentimeta.

VIPIMO

Mbao zetu zina unene wa sentimeta 2.5. Kata vipande hivi:

A. Mbao za ubavuni: urefu 90, upana 15. Vipande 2.
B. Mbao za ubavuni: urefu 90, upana 10. Vipande 2.
C. Mbao za mwisho: urefu 30, upana 15. Vipande 2.
D. Mbao za mwisho: urefu 30, upana 10. Vipande 2.
E. Miguu: urefu 40, unene 5 kwa 5. Vipande 4.
F. Vibebeo: urefu 85, unene 2.5 kwa 2.5. Vipande 2.
G. Mbao za sakafu: urefu 30, upana 10. Vipande 8.

Kama mbao zako ni fupi, punguza urefu wa sanduku lote. Usiunge ubao wa ubavuni katikati. Udongo ukilowa utaukunja hapo hapo.

Pima mara mbili, kata mara moja. Ubao uliokatwa mfupi haurefuki.

KAZI YENYEWE

Hatua ya kwanza: ubavu. Laza miguu miwili chini. Juu yake weka ubao A na ubao B, umoja ubavuni mwa mwenzake. Vikikaa pamoja vinapata kimo cha sentimeta 25. Kila mguu uwe sentimeta 10 kutoka mwisho wa ubao. Mguu utokeze sentimeta 15 upande wa chini. Piga misumari ya inchi mbili na nusu, miwili kwa kila ubao kwenye kila mguu. Fanya hivyo hivyo kwa ubavu wa pili.

Angalia: msumari unapita kwanza kwenye ubao, kisha kwenye mguu. Miguu inabaki nje ya sanduku. Kwa nini? Udongo husukuma mbao kwenda nje. Mguu ukiwa nje, unaupokea ubao. Mguu ukiwa ndani, udongo utang'oa misumari kidogo kidogo.

Hatua ya pili: vibebeo. Upande wa ndani wa kila ubavu, chini kabisa, piga kibebeo F. Acha sentimeta 2.5 kila mwisho, kwa sababu hapo patakaa mbao za mwisho. Mahali ambapo nyuma yake kuna mguu, piga misumari miwili ya inchi mbili na nusu, ipite mpaka kwenye mguu. Katikati piga mitatu ya inchi moja na nusu.

Wengine huipigilia sakafu kwa chini, bila vibebeo. Sanduku hilo huonekana zuri siku ya kwanza. Likijaa udongo mbichi, sakafu huanguka, kwa sababu imening'inia kwenye misumari tu. Kwetu sakafu inakaa juu ya kibebeo, na kibebeo kimeshikwa na mguu.

Hatua ya tatu: miisho. Simamisha mbavu mbili. Katikati yake, kila mwisho, weka ubao C na ubao D. Piga misumari ya inchi mbili na nusu kutoka nje ya ubavu, miwili kila mwisho wa kila ubao. Usipige karibu mno na ukingo, ubao utapasuka.

Sasa chukua daftari. Weka kona yake ndani ya kona ya sanduku. Zikilingana, kona ni sawa. Kisha pima kutoka kona moja hadi kona ya mkabala wake. Pima na zile nyingine mbili. Vipimo vikiwa sawa, sanduku halikupinda.

Hatua ya nne: sakafu. Panga mbao nane za G juu ya vibebeo. Kati ya ubao na ubao acha pengo la upana wa penseli. Maji ya ziada yatapitia hapo. Piga msumari mmoja wa inchi moja na nusu kila mwisho.

HESABU

Tuhesabu misumari ya inchi mbili na nusu. Miguu ni 16. Miisho ni 16. Vibebeo ni 8. Jumla ni 40. Ya inchi moja na nusu: vibebeo 6, sakafu 16. Jumla ni 22.

Sasa udongo. Ndani ya sanduku urefu ni 85, upana ni 30, kina juu ya sakafu ni 20.

85 × 30 × 20 = 51,000.

Sentimeta za ujazo 1,000 ni lita moja. Kwa hiyo sanduku linachukua lita 51. Lakini tutaacha nafasi ya vidole viwili juu, maji yasimwagike. Basi tunahitaji kama lita 45. Debe ni lita 20. Hayo ni madebe mawili na robo.

Udongo huo ukilowa, sanduku linaweza kufika kilo 60 au zaidi. Linazidi mfuko wa saruji. Kwa hiyo amua kwanza mahali pa kuliweka, ndipo ulijaze.

MAHALI PA KULIWEKA

Liweke karibu na jiko, penye jua la asubuhi na kivuli kidogo mchana. Lisiwe karibu na karasha wala mahali wanapochomea dhahabu. Mvuke na vumbi huanguka juu ya majani. Ukiwa huko, hata sanduku safi halikusaidii.

Kila mguu uweke juu ya jiwe bapa. Kila wiki inama uangalie. Ukiona njia ya udongo inapanda mguuni, huyo ni mchwa. Ikwangue. Asipokuwa na njia hapandi. Mbuzi je? Miguu hii haimzuii mbuzi. Zungushia miiba.

UDONGO

Usitumie marudio. Usitumie mchanga wa mto unaopokea maji ya mwalo. Usitandike ndani mifuko iliyobeba dawa.

Chukua udongo wa juu shambani, mbali na machimbo. Udongo mweusi wa mbuga ukiwa peke yake hutuamisha maji, na ukikauka hupasuka. Udongo wa mchanga, huo tunaouita luseni, ukiwa peke yake hupoteza maji upesi. Changanya: sehemu moja mbuga, sehemu moja luseni, sehemu moja samadi ya ng'ombe. Samadi iwe ya zamani, iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche. Chini kabisa tandika nyasi kavu, udongo usidondoke kwenye mapengo.

KUPANDA

Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Zichanganye na udongo mkavu kiganjani, zisianguke pamoja. Chora mistari miwili kwa urefu wa sanduku. Nyunyiza, funika kwa udongo mwembamba, mwagilia taratibu. Miche ikisongamana, ng'oa mingine upike. Baada ya wiki tatu hadi nne utaanza kuchuma. Chuma majani na ncha, acha shina lichipue tena.

Mwagilia asubuhi au jioni. Maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa. Maji ya sabuni na ya chumvi hayafai.

Tuseme ukweli: sanduku moja halilishi familia nzima kila siku. Litatoa mboga ya mara chache kwa juma. Ukiona faida, ongeza la pili na la tatu.

MAMA YULE ALIFANYAJE?

Alikasirika, na alikuwa na haki. Mbao zile zilikuwa jasho la mume wake la siku mbili. Jirani akasema, "Basi nipe mimi, nitapikia." Mzee mchimbaji akamzuia. Alisema moto huinua zebaki, na mwenye kupuliza jiko ndiye atakayeivuta. Mbao pamoja na marudio vikarudishwa mwaloni vilikotoka. Mama akanawa mikono kwa sabuni.

Wiki iliyofuata darasa zima lilimjengea sanduku lingine. Mbao tuliziomba kwa fundi seremala. Vipimo alisoma yeye mwenyewe kwa sauti, na sisi tukakata. Kila kipande kilipoletwa alikishika kwanza, akauliza: "Na huu ulitoka wapi?" Vipande viwili havikuwa na wa kuvijibia. Akaviweka kando.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mwalo: mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu.
Marudio: mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa.
Matimba: magogo ya kuzuia duara lisibomoke.
Kibebeo: ubao mwembamba unaobeba sakafu ya sanduku.

MASWALI

1. Kwa nini miguu ya sanduku hupigwa upande wa nje?
2. Taja aina tatu za mbao zisizofaa kwa sanduku la mboga. Eleza sababu.
3. Mchicha unaweza kustawi na bado ukawa na sumu. Eleza.
4. Sanduku la ndani urefu 60, upana 30 na kina 20 linachukua lita ngapi?

KAZI YA KIKUNDI

Kila mwanakikundi alete vipande vitatu vya mbao. Kwa kila kimoja aandike daftarini: kilitoka kwa nani, kilifanya kazi gani. Somaneni mnayoyaandika. Kisha amueni pamoja kipi kitumike na kipi kiachwe. Kama kijijini kwenu kuna aliyewahi kuchimba dhahabu, mwalikeni siku hiyo. Na kama jirani yenu hajui kusoma, msomeeni somo hili, maana watoto wake na wenu hucheza na kula pamoja.